Mama Aliyebeba Pembe

Mwezi wa nne mwaka 2024 maji ya Rufiji yalipanda yakameza mashamba. Huku kwetu Kibiti, na kwa jirani zetu wa wilaya ya Rufiji, watu walihesabu hasara kwa magunia: mpunga uliokuwa unasubiri siku zake, mahindi, ufuta. Wiki chache baadaye tulikaa jumuiya hapa Dimani, watu wanane, mkeka mmoja na mabenchi mawili. Wakristo huku si wengi, kwa hiyo mtu asipofika anaonekana, na akifika bila sauti anaonekana zaidi.

Mama mmoja, mtu mzima, alikuwa hajaimba. Alipoombwa atoe neno akasema: "Mimi Mungu nimemnunia. Msinilazimishe."

Kimya. Mwenyekiti wetu, kijana mpole, akamwambia, "Mama, Mkristo thabiti hamnunii Mungu. Anashukuru kwa kila jambo."

"Basi mimi si thabiti, mwanangu," mama akajibu, akajifunga kanga yake vizuri, akabaki amekaa. Hakuondoka. Hilo nililiona baadaye nilipokuwa nalitafakari: alisema hana uthabiti, halafu akakaa mpaka sala ya mwisho.

Mimi ni mwalimu wa historia, na sisi tuna ugonjwa wetu: swali likitushinda leo tunalikimbiza kwenye karne iliyopita tukaone kama kule lina jibu. Swali la usiku ule lilikuwa hili: mtu wa imani akibanwa kweli, uthabiti wake unaonekanaje? Ni ule uso wa kushukuru? Au kuna kitu kingine ambacho sisi, kwa kuzoea nyimbo, hatukioni?

Sikwenda mbali. Nilianzia barabarani.

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Kilwa leo unapita Mkuranga, unafika Kibiti, unavuka mto kwenye Daraja la Mkapa, unaendelea na Somanga. Abiria wengi wanasinzia. Hakuna kibao kinachowaambia kwamba nchi hii waliwahi kuipita watu waliofungwa shingo kwa shingo, wakielekea kaskazini kwa miguu.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akiwa amebanwa na Waingereza kupitia balozi wao John Kirk, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kulifunga soko la watumwa la Unguja. Tukiwa shuleni tuliandika hapo "mwisho wa biashara ya watumwa" na kupata alama zetu. Lakini wafanyabiashara wa Kilwa hawakuwa wamekaa darasani na sisi. Bahari ilipofungwa wakageukia nchi kavu: Kilwa, kisha kaskazini, kuvuka Rufiji, mpaka maeneo ya Bagamoyo na Pangani. Afisa wa Kiingereza, Frederic Elton, alipita njia hiyo kuanzia mwishoni mwa 1873, akitokea Dar es Salaam kwenda Kilwa. Kwa muda wa mwezi mmoja tu aliwahesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakipelekwa kaskazini. Ilibidi Barghash atoe amri nyingine mwaka 1876 kupiga marufuku misafara ya nchi kavu pia.

Zaidi ya 4,000 kwa mwezi. Nilisoma namba hiyo nikatoka nje nikaangalia barabara. Kisha nikaona kasoro yake: namba hailii. Haituambii nani alikuwa anaomba, anaomba nini, anamwomba nani. Elton alihesabu vichwa. Kama unatafuta kilichokuwa ndani ya vichwa hivyo, inabidi umtafute mtu mmoja mwenye jina.

Nikampata Swema.

Swema hakupita Rufiji kwa miguu. Alipita Kilwa miaka michache kabla ya mkataba ule, katika miaka ya 1860, wakati bahari ilikuwa bado wazi, kwa hiyo yeye aliingizwa jahazini. Lakini biashara iliyomchukua ni ile ile, na mji uliompokea pwani ni ule ule waliotokea wale wa Elton. Ninamtumia kama sauti ya mtu mmoja kutoka kwenye umati ambao hatuna majina yake.

Alikuwa mtoto wa Kiyao. Kwa mujibu wa simulizi yake, baba yake alikuwa mwindaji, akauawa na simba. Baada ya hapo nyumba ikaanza kubomoka kama zinavyobomoka nyumba za maskini, kidogo kidogo. Njaa, vifo, kuhama. Akabaki na mama. Mama akakopa nafaka kwa jirani, akashindwa kulipa. Siku msafara wa wafanyabiashara ulipopita, mwenye deni akaja kudai chake. Hakukuwa na mbuzi wala kitambaa cha kuchukua. Akamchukua Swema, akamuuza kwa msafara.

Hapa ndipo mama anapofanya jambo lililonizuia kuendelea kusoma kwa usiku ule. Anamfuata kiongozi wa msafara na kuomba achukuliwe na yeye. Hakudaiwa mwili wake, hakuna aliyemkamata. Anaomba mwenyewe abebeshwe pembe ya ndovu kama mpagazi, ili tu awe kwenye njia moja na mwanawe. Wakamkubalia. Nani anakataa mpagazi wa bure?

Pembe ni nzito, na mama alikuwa ametoka kwenye njaa. Akaanza kubaki nyuma. Wakampokonya mzigo, na asiyebeba mzigo kwenye msafara ule hakuwa na haki ya kula. Swema alijaribu kumgawia chakula chake. Mwishowe mama akaachwa njiani, na mtoto aliyemng'ang'ania akaondolewa kwa kipigo. Hawakuonana tena.

Swema akafika Kilwa, akapakiwa jahazini, akashushwa Unguja akiwa karibu maiti. Mfanyabiashara akaona bidhaa imeharibika. Akatoa amri izikwe. Wakamviringisha kwenye mkeka wakamfukia kwenye shimo fupi, akiwa hai. Kilichomwokoa ni ufupi wa lile shimo, na kijana mmoja kutoka Réunion aliyepita karibu, akamtoa na kumpeleka kwa wamisionari.

Misheni hiyo ya Kikatoliki ilikuwa changa. Padre Fava na wenzake, pamoja na masista wa shirika la Mabinti wa Maria, walikuwa wamefika Unguja kutoka Réunion mwishoni mwa 1860. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaipokea kazi, kiongozi wao akiwa Padre Antoine Horner. Walikuwa na hospitali, karakana na shule ya watoto waliokombolewa. Swema akauguzwa, akapona, akaanza kujifunza dini, akasaidia kuuguza wengine.

Halafu siku moja analetwa mgonjwa mwenye majeraha, na Swema anamtambua. Ni yule bwana wa msafara.

Kama ungekuwa unatunga riwaya, mhariri angekuambia hii imezidi. Lakini ndivyo simulizi inavyokwenda. Swema anajikuta chuki imempanda, hawezi kumkaribia. Anaambiwa kwamba anayetaka ubatizo hana budi kusamehe. Anahangaika, anasali, kisha anarudi kwenye kitanda na kumhudumia yule mtu majeraha yake. Baadaye anabatizwa.

Sasa, msomaji, wewe na mimi ni watu wa vitabu. Lazima tuulize: nani ameandika haya?

Simulizi ya Swema ilichapishwa Paris mwaka 1870, kwa Kifaransa, na Monsinyori Gaume, kutokana na habari zilizotoka kwa Padre Horner. Msichana alisema kwa lugha yake au kwa Kiswahili, padre akasikia kwa sikio la padre, mchapishaji akapanga kwa ajili ya Wakatoliki wa Ufaransa ambao misheni ilihitaji sala zao na pia sadaka zao. Hadithi ya mtoto aliyezikwa hai, akafufuka, akamsamehe adui yake, inafungua pochi. Hilo halimfanyi padre kuwa mwongo. Linatufanya sisi tusome tukiwa macho. Mwanahistoria Edward Alpers aliichambua simulizi hii katika makala yake ya mwaka 1983, akaitumia kuonyesha jinsi mwanamke asiye na mume wala ndugu wa kumkinga alivyokuwa rahisi kuangukia utumwani zama zile. Aliichukulia kama ushahidi wenye uzito, huku akijua umepita mikono mingapi.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna kitabu cha kulinganisha. James Mbotela, mtoto wa waliokombolewa wa Freretown kule Mombasa, alitoa *Uhuru wa Watumwa* mwaka 1934. Wengi tumekisoma, na wengi tumekunja uso kwa namna kinavyowasifu Waingereza. Lakini fikiria nafasi aliyokuwa nayo mwandishi. Mtu akikutoa shimoni, mdomo wako unajifunza kushukuru kwanza, na mengine yanangoja. Simulizi za waliookolewa karibu zote zina uzito huo. Shukrani inakaa sebuleni. Hasira, mashaka na aibu vinapelekwa jikoni.

Kwa hiyo ninapoisoma habari ya Swema naenda jikoni. Natafuta mahali ambapo simulizi inasema kitu ambacho padre hakukihitaji.

Cha kwanza ni pale kitandani. Kwa hadithi safi ya kitawa, ingetosha msichana amwone adui, apige magoti, asamehe. Lakini simulizi imebaki na ile hatua ya kurudi nyuma, ile damu iliyomchemka. Mikono yake ilianza kazi kabla moyo haujamaliza kubishana. Kwa maneno ya mama yetu wa Dimani, Swema alinuna, kisha akaosha kidonda. Na alipokuwa anaosha, sidhani kama kununa kulikuwa kumekwisha.

Hapo pia niseme linalonisumbua, maana nikilificha nitakuwa nimefanya kama wale wanaosema Mkristo hanuni. Ni jambo zito kumwambia mtoto aliyezikwa hai kwamba mlango wa ubatizo unapita kwenye kitanda cha aliyemzika. Ninaamini katika kusamehe. Ila historia inanionyesha mara nyingi kwamba anayedaiwa kusamehe haraka ni yule asiye na nguvu, wakati aliyekosa anauguzwa. Na misheni zenyewe hazikuwa paradiso. Mwaka 1868 Padre Horner na wenzake walihamishia kazi kubwa Bagamoyo, wakaanzisha makazi ya waliokombolewa. Watoto wengi walinunuliwa kwa fedha ili wawe huru, kisha wakawekwa chini ya ratiba ya kengele: sala, shamba, shule, karakana, kuoana na kuishi kijiji cha Kikristo. Wapo waliojenga maisha pale kwa dhati, wapo waliotoroka. Anayetoroka misheni baada ya kukombolewa, je, hana imani? Au anataka kujua kama uhuru aliopewa ni wa kweli?

Cha pili nilichokikuta jikoni ni mama.

Padre alimhitaji mama kama chozi, sehemu ya huzuni inayotangulia wokovu. Lakini mama amekuwa mkubwa kuliko sehemu aliyopewa. Hajabatizwa. Hajasikia Injili. Jina lake mimi sikulibeba kichwani baada ya kusoma, nimebaki na kitendo chake. Na ukiniuliza nani alikuwa thabiti kuliko wote katika kitabu kile cha Kikristo, nitakuonyesha mwanamke asiye Mkristo, amebeba pembe ya mtu mwingine, anakwenda kwenye bahari asiyoijua, kwa sababu mwanawe yuko mbele kwenye mstari.

Nadhani Swema alilijua hilo. Kabla sista yeyote hajamfundisha kwamba kuna Mungu anayemfuata mtu mpaka mautini, alikuwa amemwona mtu akifanya hivyo. Katekisimu ilikuta shamba limeshalimwa. Alipoambiwa habari ya Mama aliyesimama chini ya msalaba, Swema hakuhitaji picha ukutani.

Ndiyo maana nawaonea shaka wanaosema uthabiti ni mali ya Wakristo peke yao. Wakati wa mafuriko yale, mlango wa kwanza kufunguliwa kwa baadhi ya watu wa jumuiya yetu ulikuwa wa jirani Mwislamu, na uji wa kwanza ulipikwa kwenye sufuria lake. Mkristo wa Kibiti anayedhani atasimama bila majirani hawa hajawahi kuhamishwa na maji usiku.

Lakini imani ya Kikristo inaongeza kitu, vinginevyo nisingekuwa nakaa kwenye mkeka ule. Kwangu kinachoongezwa ni ruhusa ya kulalamika mbele ya uso wa yule yule unayemlalamikia. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, na Mungu hakumfukuza. Waliokemewa mwishoni ni rafiki zake waliokuwa na majibu mazuri. Zaburi nyingi ni manung'uniko yaliyotiwa muziki. Yesu mwenyewe, msalabani, aliuliza kwa sauti kwa nini ameachwa. Aliyeuliza hivyo hatuwezi kumwambia hakuwa thabiti. Alikuwa anamuuliza Baba yake, hakugeuka akauliza ukuta.

Bagamoyo yenyewe ilipata somo hili mapema. Miaka miwili haijatimia vizuri tangu waanze, kipindupindu cha 1869 na 1870 kikapiga pwani yote na Unguja. Kisha tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikavuruga Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuharibu merikebu za Sultani, na ng'ambo kikabomoa majengo ya misheni. Waliokombolewa, ambao wengi walikuwa wamepoteza kwao, kisha ndugu zao, kisha majina yao, wakapoteza na paa. Wakaokota mbao. Hakuna mtu aliyeandika walisema nini wakati wanaokota. Ningetoa chochote kusikia. Nina hakika si wote walikuwa wanaimba.

Wazee wa pwani wana neno demani, wengine husema dimani. Ni ile kamba ya tanga inayoshikwa na baharia kulikaza au kulilegeza kadiri upepo unavyokuja. Ni majira pia, wakati kusi inapomalizika na bahari kutulia. Nikiwa kijijini chenye jina hilo nimeanza kuyafikiria maneno hayo mawili pamoja. Mwenyekiti wetu alitaka tuwe bahari iliyotulia. Mama alikuwa ameshika kamba, mkono unamuuma, na alikuwa anasema unamuuma.

Nilimsimulia mwenyekiti habari ya Swema, siku nyingine, tukiwa wawili. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Yule mama aliyeachwa njiani, hakuna aliyerudi kumtafuta?"

"Hakuna."

"Mwalimu, hiyo siwezi kuisimulia jumuiya. Haina mwisho mzuri."

Nikamwambia Zaburi nyingine nazo hazina. Akanyamaza. Jumapili iliyofuata hakutaja shukrani kwa kila jambo; alisoma Zaburi ndefu ya kulalamika, akaifunga Biblia bila kuifafanua.

Maji yalipoondoka yaliacha tope, na watu wa Rufiji tangu zamani wanajua kazi ya tope hilo. Unapanda mlao, mahindi na kunde kwenye ardhi iliyobaki na unyevu wa mafuriko, kabla jua halijaikausha. Si fidia ya kilichopotea, ila ni chakula. Mama yule alifika jumuiya akiwa na kibaba cha mbegu za mahindi kwenye mfuko wa nailoni, akatugawia kwa viganja. Nikamuuliza, kwa utani kidogo, kama wamepatana na Mungu.

"Bado," akasema. "Lakini udongo haungoji."

Kisha akanisogezea kiganja changu karibu, akanijazia.